Seriamu ya karabai, seriamu ya taa ya LED

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa Ziwa Victoria. Jioni, kabla ya kushuka mwaloni, alifunga kifuko kipya cha nyuzi kwenye karabai na kukichoma kwa kiberiti. Kitambaa kilishika moto, kikasinyaa, kikabaki kitu cheupe chepesi kama ganda la yai. Kuanzia hapo sisi watoto tulikatazwa kusogea. Ukikigusa tu, kinamong'onyoka.

Miaka mingi niliamini kwamba yale yalikuwa majivu ya kitambaa. Siku hizi oksidi zinazotoa mwanga (oksidi ni metali iliyoungana na oksijeni) ndiyo kazi yangu, na najua kwamba pamba iliisha yote. Kilichobaki ni oksidi za thoriamu na seriamu. Kiwandani kitambaa huloweshwa katika chumvi za naitreti za metali hizo. Moto wa kwanza huzigeuza kuwa oksidi zenye umbo lile lile la nyuzi. Mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alianza majaribio hayo miaka ya 1880 akapata mwanga wa kijani usiopendeza. Mwaka 1891 akafikia mchanganyiko uliodumu: sehemu 99 za oksidi ya thoriamu, 1 ya seriamu. (Ndiye pia aliyetenganisha elementi mbili, neodimiamu na praseodimiamu, mwaka 1885, zile zinazotajwa leo kwenye mradi wa madini wa Ngualla, Songwe.)

Kwa nini moja tu katika mia? Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mwali wa mvuke wa mafuta ya taa ni wa bluu na hafifu. Hauwezi kuangaza hata mtumbwi. Oksidi ya thoriamu ikipashwa na mwali huo haitoi miali mingi ya joto isiyoonekana, kwa hiyo joto lake halipotei, inazidi kuwa moto. Lakini yenyewe haina mwanga wa maana. Oksidi ya seriamu tupu inatoa mwanga, ila inamwaga na joto kwa wingi, inajipoza, inaishia kwenye wekundu uliofifia. Ukiichanganya kidogo sana, thoriamu inatunza joto, seriamu inaligeuza kuwa mwanga wa kuonekana. Ukiongeza seriamu, unaharibu. Baadaye, kwa sababu thoriamu ina mnururisho, watengenezaji wengi walihamia oksidi ya itriamu.

Sasa wavuvi wengi wanatumia taa za LED zenye betri, na watu wanadhani teknolojia ile imekufa. Seriamu haijaondoka ziwani. Kijipande kilichomo ndani ya LED nyeupe hutoa mwanga wa bluu, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450. Juu yake umepakwa unga wa ganeti (aina ya fuwele) ya itriamu na alumini, nayo ni oksidi, ambamo seriamu imechukua nafasi chache za itriamu. Elektroni ya seriamu inameza bluu, inaruka kutoka tabaka la ndani la 4f hadi la nje, 5d, kisha inarudi kwa muda usiofikia sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, ikitoa njano. Bluu iliyoponyoka ikichanganyika na njano hiyo, jicho linaona nyeupe. Hapa hakuna kuungua wala kupashwa.

Tabaka la 5d liko wazi, linasukumwa na oksijeni jirani zinazotetemeka, ndiyo maana njano hiyo imetanda kutoka kijani hadi karibu na nyekundu. Yuropiamu, metali nyingine, ikiwa ndani ya oksidi ya itriamu ni tofauti kabisa: elektroni zake hubaki kwenye 4f, zimekingwa na matabaka ya nje, na nyekundu yake ni mstari mwembamba kwenye nanomita 611. Huo ndio wekundu uliomo ndani ya mwanga wa tyubulaiti nyingi za fluoresenti, zile zisizo za LED.

Likizo iliyopita nilimfungulia mjomba taa yake ya LED, ikiwa imezimwa. Akaona vidoa vya njano vimejipanga.

"Mbona njano, na mwanga wake mweupe?"

"Vinameza bluu, mjomba. Kinachorudi machoni pako ni kilichobaki. Na dawa yake ni ile ile ya karabai yako."

Alinyamaza kidogo. Kisha akanyoosha kidole taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu, akakigusa kidoa kimoja kwa ncha ya ukucha.