Bei ya kuzoa taka za nyumbani Mtwara: tunayoamini na hali ilivyo

Ugomvi mwingi kati ya wakazi wa Mtwara na wazoa taka huanzia kwenye bei. Mwenye nyumba anaona ameibiwa, kijana wa guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, anaona amedhulumiwa, na taka zinabaki pale pale ubavuni mwa nyumba, nzi wakizidi. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na naamini wengi wao hawana nia mbaya. Wanabishana juu ya vitu viwili tofauti wakidhani ni kimoja. Kwa hiyo nazipitia hapa dhana zinazozunguka jambo hili, kuanzia ile inayotugombanisha kuliko zote.

"Ada ya taka nalipa kila mwezi, basi gari lichukue kila kitu"

Ada ya taka ni tozo inayowekwa na sheria ndogo za halmashauri, iwe Manispaa ya Mtwara Mikindani au Manispaa ya Lindi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezibebesha serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu katika maeneo yao, na sheria ndogo ndizo zinazosema kaya ichangie kiasi gani, duka kiasi gani, mgahawa au nyumba ya wageni kiasi gani. Ada ya kaya imepangwa kwa kufikiria taka za jikoni na za ufagio: maganda ya mihogo, magamba na matumbo ya samaki, vifuu, majivu, makaratasi. Ni zile zinazoingia kwenye kiroba na mtu mmoja akaweza kukibeba mpaka barabarani.

Kifusi cha choo ulichobomoa hakimo katika hesabu hiyo. Mnazi ulioangushwa uani haumo, wala makuti ya paa zima, wala kabati lililoliwa na mchwa. Hiyo ni kazi ya kukodi chombo, na bei yake ni ya mapatano kati yako na mwenye chombo. Ukishazitenganisha huduma hizi mbili, nusu ya ugomvi inaisha. (Gari la kunyonya choo ni huduma ya tatu kabisa. Hilo linabeba majitaka, haliendi linakokwenda guta, na bei zake hazilinganishwi.)

Kwa upande wa ada, jambo la kushikilia ni risiti. Fedha ya halmashauri hulipwa kwa kontrol namba au hutolewa risiti ya mashine hapo hapo. Mtu anayepita mlangoni na daftari tu, bila risiti, usimpe hata kama sura yake unaijua. Mwambie arudi nayo, kisha umuulize mtendaji wa mtaa kama anamtambua.

"Wanabeba uchafu tu, pesa yote hiyo ya nini?"

Dhana hii inaniuma, kwa sababu inamdharau mtu anayefanya kazi ambayo wengi wetu hatuwezi kuifanya hata kwa saa moja.

Unacholipia ni safari, pamoja na mikono ya kupakia na kupakua. Dampo la manispaa liko Mangamba, nje ya katikati ya mji. Guta likitoka Shangani au Ufukoni huenda limejaa na kurudi tupu, na ule mwendo wa kurudi tupu nao unakula mafuta. Nani anaulipia kama si wewe? Mle dampo kuna misumari na vioo, kwa hiyo tairi huliwa kabla ya wakati wake. Wapakiaji wanahitaji buti, glavu, reki na beleshi. Na mara nyingi dereva si mwenye chombo. Jioni lazima apeleke hesabu, yaani fedha ya siku waliyokubaliana, kwa mwenye chombo, mteja awe amepatikana au hakupatikana.

Tufanye hesabu ya mfano tu, isichukuliwe kuwa ndiyo bei ya mjini. Mmepatana shilingi 40,000 kwa tripu moja. Mafuta ya kwenda na kurudi 10,000. Vibarua wawili, kila mmoja 8,000, ni 16,000. Zinabaki 14,000. Humo kuna hesabu ya mwenye chombo, kuna oili, kuna fungu la tairi, na kinachobaki ndicho anachopeleka nyumbani kwa wanawe. Ukimkata 15,000 kwa ubishi wa mlangoni, umemwondolea zote hizo 14,000 na shilingi 1,000 juu yake.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawalioni. Lundo halipimwi kwa ukubwa tu. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kama tani moja na nusu, ilhali makuti yaliyojaza nafasi hiyo hiyo ni mepesi mno kufananishwa nayo. Makuti yatajaza guta mpaka juu na injini isione taabu. Kifusi kitailemea wakati bodi bado iko nusu. Ndiyo maana lundo linaloonekana dogo linaweza kuhitaji tripu tatu, na kijana anapokuambia hivyo hakudanganyi. Masika yakiingia, taka za jikoni zikilowa zinakuwa nzito zaidi na njia za mchanga zinageuka tope. Mwenye chombo akipandisha bei kidogo mwezi wa Februari ana sababu.

"Aliyetaja bei ndogo ndiye nafuu"

Jiulize amepunguza wapi. Mafuta bei yake ni moja kwa wote na vibarua hawafanyi bure. Sehemu pekee inayokatika kirahisi ni safari yenyewe. Anayekutajia nusu ya bei ya wenzake, mara nyingi hafiki Mangamba. Anamwaga kwenye korongo la kwanza, kwenye mtaro wa maji ya mvua, au pembeni mwa mikoko upande wa Mikindani giza likiingia.

Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili. Maji yakikuta mtaro umejaa magodoro na viroba, yanaingia kwenye vyumba vya watu walioko bondeni, ambao hawakuitwa wakati wa kupatana bei. Plastiki inayopenya mtaroni inaishia baharini. Kusini mwa mji kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 kulinda matumbawe, mikoko na mazalia ya samaki. Samaki hao hao tunawanunua feri. Kwa hiyo zile shilingi ulizookoa zimelipwa, ila amezilipa mtu mwingine.

Na usidhani kwamba taka zikishatoka getini kwako hazikuhusu tena. Sheria yetu ya mazingira inasimama juu ya msingi kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na rundo lenye bahasha zenye jina lako likikutwa mtaroni, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Kabla ya kupatana, muulize: "Mwanangu, hizi unakwenda kumwaga wapi?" Mwenye kazi yake halali anakutajia dampo bila kusita. Patana alipwe nusu akishapakia na nusu akirudi, au mpakie kijana wako wa nyumbani amsindikize. Atakayekataa kusindikizwa, mwache aende. Kama humjui mzoa taka yeyote wa kuaminika, bwana afya wa kata anavijua vikundi vilivyosajiliwa, na kumuuliza ni bure.

"Vile vikundi vimepewa vyombo na serikali, vizoe bure"

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha usafi kinaweza kupata guta kwa njia hiyo. Lakini fedha hiyo ni mkopo. Hauna riba, ni kweli, ila unarejeshwa, na akina mama wanaofagia asubuhi ndio wanaokaa jioni kuhesabu rejesho. Unapokataa kuwalipa kwa kudhani wamepewa sadaka, unawasukuma kwenye deni.

"Nikichoma uani sitoi hata senti"

Plastiki inayoungua kwenye moto mdogo wa uani hutoa moshi wenye sumu, ikiwemo dioksini, na wa kwanza kuuvuta ni watoto na wazee waliolala chumba cha nyuma. Kufukia nako si suluhisho. Udongo wetu ni wa kichanga. Maji machafu ya taka yanashuka kirahisi, na wako wengi wanaochota kwenye visima vya uani. Shimo la mabaki ya jikoni yanayooza, mbali na kisima, hilo sawa, na linarutubisha migomba. Lakini plastiki, betri na nepi za watoto haziozi wala hazirutubishi kitu.

"Kuchambua taka ni kujisumbua, bei haishuki"

Inashuka, tena kwa kiasi cha kuonekana. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ngumu ilikadiria kwamba mtu mmoja katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 kwa siku. Kaya ya watu sita ni takriban kilo 2.8 kwa siku, yaani kilo 83 hivi kwa mwezi. Katika nchi za kipato cha chini, zaidi ya nusu ya uzito huo ni mabaki ya chakula na majani. Hayo yana maji mengi, ndiyo yanayolemea kiroba na ndiyo yanayonuka. Ukiyapeleka kwenye shimo la mboji, au ukampa mfuga mbuzi maganda ya mihogo na ndizi, kilichobaki ni kikavu na chepesi, na unaweza kusubiri lundo lijae ndipo uite chombo mara moja badala ya mara tatu.

Kisha kuna vile ambavyo hupaswi kulipia viondolewe, kwa kuwa vina wanunuzi. Chuma chakavu hununuliwa kwa kilo, chupa za plastiki vivyo hivyo, na betri ya gari iliyokufa ina mtu wa kuitaka. Makumbi na vifuu wapo majirani wanaowashia moto. Viuze au vigawe kabla guta halijafika, maana dereva anapanga bei kwa anachokiona siku hiyo.

Vinavyobaki vifunge. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu tunatumia viroba vya salfeti, na ni vizuri. Viroba kumi vilivyofungwa hupakiwa kwa dakika chache; lundo lile lile likiwa limetawanyika linahitaji reki, beleshi na nusu saa ya watu wawili. Nusu saa hiyo nayo utaikuta kwenye bei.

"Weka vyote humo humo, taka ni taka"

Hapana. Sindano za mgonjwa wa kisukari ziwekwe kwenye kopo gumu lenye kifuniko na zirudishwe kituo cha afya. Kiroba hakizizuii kumchoma mzoa taka. Friji bovu lisikatwe mabomba uani, kwa kuwa gesi yake inaharibu anga. Na kama nyumba yako ni ya zamani na imeezekwa kwa zile karatasi za kijivu za asbesto, usizivunje na usimpe kijana wa guta. Vumbi lake linasababisha saratani miaka mingi baadaye. Nenda kwanza kwa ofisa mazingira wa halmashauri.

"Nimeona bei kwenye simu"

Bei nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za nchi za mbali. Uingereza, kwa mfano, ina kodi ya dampo tangu mwaka 1996, na katika mwaka ulioanza Aprili 2025 kiwango chake cha kawaida kilikuwa pauni 126.15 kwa kila tani inayofukiwa. Ndiyo maana kuondoa takataka kule ni ghali hata kama dampo liko jirani. Sisi bei yetu inajengwa na mafuta, umbali na mikono. Uliza mtaani kwako, kwa watu watatu, siku hiyo hiyo na kwa lundo hilo hilo.

"Taka ni za mwenye nyumba", husema mpangaji. "Ni za wapangaji", husema mwenye nyumba.

Anayetakiwa ada ya kila mwezi kwa kawaida ni kaya inayoishi pale. Kifusi cha ukarabati ni cha aliyeamua kukarabati. Katika nyumba ya wapangaji wengi, andikeni kwenye mkataba nani anakusanya na tarehe ngapi, kwani mahali ambapo kila mtu anamsubiri mwenzake, hakuna anayelipa.

"Gari lipo tu, nitaita siku yoyote"

Huku kusini fedha za korosho huanza kuingia kuanzia Oktoba, minada ikifunguliwa, na hapo ndipo watu wanabomoa, wanajenga na kuezeka upya. Kila mtu anataka chombo kwa wakati mmoja, kifusi kimejaa, na mvua ziko karibu. Kama una lundo la kuondoa na si la dharura, mwite dereva mwezi wa Julai au Agosti. Njia ni kavu, vyombo vimesimama, naye atakusikiliza ukitaja bei.