Waipa zikisimama katikati ya kioo, pima swichi kwanza

Masika yakianza, kazi za waipa hazinikauki. Juzi dereva mmoja aliniletea gari ambalo waipa zake zinafuta vizuri, ila akizima tu zinaganda palepale zilipofika. Alikuwa ameshauziwa mota nyingine ya mtumba, akafungiwa, na ugonjwa ukabaki uleule.

Ukirudisha swichi OFF, mota haikatiwi umeme papo hapo. Ndani yake kuna swichi ndogo ya kuegesha, ambayo huendelea kupeleka umeme kwenye waya unaoandikwa +S katika michoro ya Toyota nyingi za zamani. Waya huo huja mpaka swichi ya usukani, na kwenye OFF huunganishwa na +1, waya wa mwendo wa polepole. Ndiyo maana waipa humalizia safari yake hadi zilale chini. Hapo swichi ya kuegesha huigeuza +S kwenda arthi, na mota hushika breki.

Basi nikafungulia switi (ufunguo wa gari), waipa zikaganda katikati, swichi iko OFF. Ncha nyeusi ya mita nikaiweka kwenye bodi, nyekundu nikaipenyeza nyuma ya soketi ya swichi bila kuichomoa. Kwenye +S nikasoma volti 12.3. Kwenye +1, sifuri. Umeme unaingia kwenye swichi, hautoki. Mota ya kwanza haikuwa na kosa lolote, na hela ya mtu imeshakwenda. Jambo hili linaniuma kila nikiliona.

Ukitaka kuifungua swichi yenyewe, toa kwanza waya wa hasi wa betri, na kama usukani una eabegi subiri angalau sekunde 90. Kisha weka mita kwenye mlio, yaani kipimo kinacholia njia ya umeme ikiungana: LO (polepole) iunganishe B, waya unaoleta umeme kwenye swichi, na +1; HI (kasi) iunganishe B na +2, waya wa mwendo wa kasi; OFF iunganishe +S na +1. Lakini usiuamini mlio peke yake. Mita hupitisha mkondo kidogo sana, kwa hiyo hata kontakti iliyoungua inaweza kulia vizuri kisha ikashindwa mzigo wa mota. Mimi hurudisha soketi na betri, naweka mita kwenye volti, kisha nawasha waipa kwenye LO, ncha moja ya mita kwenye B, nyingine kwenye +1. Ikizidi nusu volti, swichi inakula umeme wa mota.

Maji yasiporuka, hakikisha kwanza tangi lina maji. Katika magari haya pampu hupata chanya kutoka kwenye fyuzi, swichi huipa arthi. Pima waya wa pampu unaokwenda kwenye swichi: usipobonyeza usome volti 12, ukibonyeza ishuke karibu na sifuri. Isiposhuka, tatizo ni swichi, waya wake au arthi yake. Ikishuka na pampu imenyamaza, pampu imekufa.

Swichi ya yule dereva niliifungua: kontakti ya rilei ya INT (ya kufuta kwa vipindi), ambayo +S hupitia hapo, ilikuwa nyeusi kama mkaa. Tukabadilisha swichi. Mota yake ya zamani bado alikuwa nayo kwenye buti; nikamwambia aitunze, ni nzima.