Kabla Hujafyeka Shamba Jipya

Kila mwaka, wakulima wanapoanza kuandaa mashamba, malalamiko ya ukataji miti huongezeka ofisini kwetu. Wengi wanaolalamika kutoka Chamwino, Bahi na Kondoa, mkoani Dodoma, huwataja wachoma mkaa. Tunawashukuru, taarifa hizo zinatusaidia. Ila ukimuuliza mlalamikaji huyohuyo shamba lake jipya la alizeti lilikuwa nini zamani, atakujibu bila wasiwasi: lilikuwa pori.

Lisemwe wazi: chanzo kikuu cha kupotea kwa misitu nchini ni upanuzi wa mashamba. Mkaa nao umo, na mara nyingi hutokana na magogo ya shamba hilohilo.

Wakulima husema miti ikiisha, mvua inakimbia. Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Mvua zetu za msimu hutegemea sana joto la bahari, hasa Bahari ya Hindi. Heka mbili zilizofyekwa Mvumi hazifukuzi wingu, na miche kumi haitalileta mwakani. Mti ukichomwa, kaboni iliyokuwa kwenye shina hupanda angani kama hewa ukaa na kuongeza joto la dunia. Wengine hutujibu kwamba wenye viwanda ni Wazungu. Ni kweli wao wamechafua zaidi, lakini korongo linalokula shamba lako halikuchimbwa Ulaya. Udongo ulioachwa uchi hupigwa na mvua, hufunga ganda juu, na maji hutiririka badala ya kuzama. Kondoa waliyaona hayo hadi mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka.

Kuhusu uvunaji wa miti na mkaa, utaratibu ni huu. Maombi huanzia serikali ya kijiji, yakiwa na muhtasari wa kikao, yanafika kwa mhifadhi misitu wa wilaya, kisha kamati ya uvunaji chini ya Mkuu wa Wilaya. Ukikubaliwa unapewa namba ya malipo, unalipa, unapata leseni. Kusafirisha kunahitaji hati yake, na leseni haiwi mbadala wa hati hiyo, hata mzigo ukiwa magunia mawili tu. Ukikamatwa bila hati, mzigo unaweza kutaifishwa, na mahakama inaweza kukutoza faini au kukufunga. "Sikujua" haisaidii kitu kwenye geti la ukaguzi.

Msimu huu, kabla ya kung'oa visiki, viangalie. Vingi bado vina uhai. Chagua machipukizi machache yaliyonyooka, pogoa mengine, funga kitambaa cha rangi kama alama, na uwaambie wachungaji wasilishie hapo. Uwele na mtama vitastawi katikati yake.