Je wajua? D ya "sound" imetoka wapi wakati babu yake hakuwa nayo

Spika ikikoroma tunasema saundi mbovu, na jamaa akimwagia dada wa watu maneno matamu tunasema anampiga saundi. Neno tumelitoa kwa Waingereza, ila na wao sio lao, walilipata kwa Wafaransa na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, sonus, yaani sauti.

Sasa cheki watoto wa huyo sonus walivyotawanyika. Waitaliano wanasema suono, maana kwao ile o ya zamani mara nyingi ilipasuka ikawa uo, ndo maana bonus ikawa buono na novus ikawa nuovo. Wafaransa wanaandika son lakini ukiwasikiliza hiyo n hausikii, sauti inapita puani tu basi, na Wareno nao ni pua hivyohivyo ila wanaandika som. Wahispania wana sonido na Waromania sunet, hao walishika ndugu yake sonus aitwaye sonitus, kwa hiyo d ya sonido isikuchanganye, hiyo ni ile t ya sonitus imelainika.

Wahispania wana na son pia, na huko Cuba likawa jina la muziki kabisa. Miaka ya 1930 kampuni za rekodi za Marekani zikaanza kuuza huo muziki kwa jina la rumba, santuri zikafika mpaka Léopoldville, ndo Kinshasa ya leo, wanamuziki wa huko wakazipenda wakapika ya kwao, ndo rumba ya Kongo ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021. Mimi kila nikisikia gitaa la rumba namkumbuka huyu sonus.

Turudi kwa D. Baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 maneno kibao ya Kifaransa yaliingia, na hili likaingia kama soun, bila d. Likakaa hivyo miaka mingi tu, mpaka kwenye karne ya 15 d ikaanza kuonekana kwenye maandishi na karne ya 16 ikawa imeshaota mizizi. Hakuna aliyekaa akaamua, ni mdomo wenyewe. Hebu tamka n taratibu uone, ncha ya ulimi imebana juu nyuma ya meno na hewa inatokea puani, sasa pua ikijifunga kidogo tu kabla ulimi haujaachia, d inatoka yenyewe. Kwenye thunder, yaani radi, ni hivyohivyo, zamani walisema thunor, na Wajerumani mpaka leo wanasema Donner bila d yoyote baada ya n.

Na sisi n inapenda kukaa na d, japo njia yetu ni tofauti kidogo, kwetu d haiongezeki bali inachukua nafasi ya l au r. Fimbo fupi ikirefuka hatusemi nrefu, tunasema ndefu. Na hicho kiungo kinachofanya kazi yote hii mdomoni, kikiwa kimoja ni ulimi, vikiwa viwili ni ndimi.