Ligi za mtandaoni: wanachoamini wabishi na kinachotokea kweli

Mtu usiyemjua kaandika kwamba habari za barafu ya Kilimanjaro ni porojo za wazungu. Umemjibu, naye kakuuliza umetumwa na nani. Saa sita usiku bado mnarushiana skrini-shoti na bando linakaribia kukata. Wapo wanaozipenda ligi za namna hii na wapo wanaozikimbia, na kila upande una imani zake kuhusu faida na hasara zake. Bahati nzuri, nyingi kati ya imani hizo zimeshapimwa na watafiti, na kadhaa zimeanguka.

"Ukimpa mtu ukweli ndiyo kwanza anakaza shingo"

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ina chimbuko la heshima. Mwaka 2010 Wamarekani wawili, Brendan Nyhan na Jason Reifler, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba baadhi ya wahafidhina walipoelezwa kuwa Iraki haikukutwa na silaha za maangamizi, walizidi kuamini kwamba zilikuwepo. Habari ikasambaa, na wengi wakaipata sababu nzuri ya kutojibu chochote: ya nini kujichosha?

Baadaye Thomas Wood na Ethan Porter walijaribu jambo hilohilo kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2019, yalikuwa kinyume. Karibu kila mahali watu walisogea kuelekea ukweli, hata ulipokiumiza chama chao. Nyhan na Reifler hawakununa. Waliungana na hao wawili kwenye utafiti mwingine wa mwaka huohuo. Humo wafuasi wa Donald Trump waliosahihishwa kuhusu takwimu za uhalifu alizogusia kwenye kampeni ya 2016 walizikubali takwimu sahihi, ila mapenzi yao kwa mgombea hayakutetereka.

Hapo ndipo wabishi wengi wa siasa wanapojikatisha tamaa bure. Wanataka takwimu moja imhamishe mtu chama. Takwimu inaingia, kura inabaki palepale, kisha wao wanasema "hawa hawaelimiki". Mtu ameelimika, ila chama chake hakikujengwa juu ya takwimu hiyo.

"Ninabishana na yule niliyemjibu"

Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalozaa matusi mengi. Mwaka 2019 Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilikuta kwamba asilimia 10 ya watu wazima wa Marekani waliokuwa Twitter ndio walioandika asilimia 80 ya machapisho yote ya kundi hilo. Angalia grupu lolote la WhatsApp la ukoo au la mtaa utaona sura ileile: admini, wabishi watatu, na umati unaosoma kimya ukijifanya haupo.

Umati huo ndio unaobadilika. Leticia Bode na Emily Vraga walifanya majaribio ambapo mshiriki hakusahihishwa yeye mwenyewe, aliona tu mtu mwingine akisahihishwa, kwa mfano kuhusu virusi vya Zika. Waliotazama walipunguza imani zao potofu. Sahihisho la mtu wa kawaida lilifanya kazi pia, mradi liliambatana na linki ya chanzo kinachoaminika. Ujerumani, Philipp Schmid na Cornelia Betsch walifanya majaribio sita kuhusu wapinzani wa sayansi, hasa wa chanjo, na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Kumjibu mpotoshaji hakukufuta madhara yake yote, lakini kulipunguza. Hali mbaya zaidi ilikuwa kumwacha aseme bila kujibiwa. Tena haikulazimu mjibuji awe mtaalamu wa mada: kuonyesha mbinu anayotumia mpotoshaji, kama kuchagua takwimu moja na kuficha tisa, kulisaidia pia.

Kwa hiyo jibu lenye povu linamfurahisha anayelimwaga na kumpa ushindi mpinzani wake. Yule msomaji wa kimya anawapima wawili, na anayetukana ameshajipunguzia alama kabla hoja yake haijasomwa.

"Wakikosea kimoja, wamekosea vyote"

Turudi kwenye barafu, maana mfano huu unanoga na pande zote mbili huumaliza vibaya.

Posti yenyewe huwa hivi: "Walisema barafu ya Kilimanjaro itaisha 2020. Mbona ipo?" Wanaotetea sayansi huruka moja kwa moja: uongo, hakuna aliyesema hivyo. Walisema. Mwaka 2002 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake waliandika kwenye jarida la *Science* kwamba hali ikiendelea ilivyokuwa, barafu iliyobaki huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka imepita na barafu ipo. Anayekana hili anakamatwa kwa linki moja, na wasomaji wote wa kimya wanaondoka na mpinzani.

Jibu linalosimama linaanza kwa kukubali: ndiyo, tarehe ilikosewa. Kisha linaweka vipimo mezani. Mwaka 1912 barafu ilifunika kama kilomita za mraba 11.4, mwaka 2011 zilibaki takriban 1.76. Asilimia 85 imekwenda. Kukosea tarehe ya mwisho hakurudishi hata kipande kimoja.

Lakini na yule anayesema "joto la viwanda vya Ulaya limeyeyusha mlima wetu" asishangilie mapema. Kule kileleni wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Watafiti kama Georg Kaser na Thomas Mölg wameonyesha kwamba ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 una mchango mkubwa: theluji mpya ikipungua, uso wa barafu unakuwa mweusi zaidi, unanyonya jua zaidi, unazidi kupungua. Na mwenzetu anayewalaumu wakata miti? Misitu ya mteremkoni ni uhai kwa maji ya vijiji vya chini, ila kwa barafu ya juu athari yake imeonekana ndogo.

Maana yake Kilimanjaro peke yake ni shahidi dhaifu wa ongezeko la joto duniani, na anayeutegemea mlima huo tu anajitafutia aibu. Mashahidi wenye nguvu wako kwingine. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na kaboni dayoksaidi kama sehemu 280 katika kila milioni. Leo ni zaidi ya 420. Kaboni iliyoongezeka ina alama za isotopu (atomi za kaboni zinazotofautiana uzito) zinazolingana na makaa na mafuta yaliyochomwa. Anga ya chini inapata joto huku stratosfia, iliyo juu yake, ikipoa. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo, zote mbili zingepata joto. Volkano nazo, zinazotajwa kila siku, hutoa chini ya asilimia moja ya kaboni dayoksaidi inayotolewa na binadamu kwa mwaka.

"Mtandao unawaharibu watu wapole"

Alexander Bor na Michael Bang Petersen wa Chuo Kikuu cha Aarhus walichunguza hili Marekani na Denmark na kuchapisha mwaka 2022. Wakali wa mtandaoni walikuwa wakali hata ana kwa ana. Tofauti ni kwamba kijiweni ukorofi wa mtu unawafikia watu sita na mwuza kahawa. Mtandaoni unawafikia maelfu, nasi tunadhani dunia nzima imechafuka.

"Hao ni maroboti tu, au wametumwa"

Akaunti feki zipo, na wanaolipwa wapo. Hata hivyo, watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walipofuatilia habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, walikuta za uongo zilikwenda mbali na haraka kuliko za kweli, na sababu kuu ilikuwa binadamu. Maroboti yalisambaza zote kwa kiwango kinachokaribiana.

Na hata kama ametumwa, swali lake liko palepale. Ukiuliza kuhusu fidia za waliopitiwa na bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1,443, unaitwa kibaraka wa mabeberu. Ukisema Afrika yote hutoa asilimia ndogo tu ya hewa ukaa ya dunia, jambo ambalo ni kweli, unaitwa chawa. Majina yote mawili hayajajibu lolote kuhusu fidia wala hewa ukaa.

"Jina bandia linanilinda"

Kidogo sana. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo, na Kenya ina sheria yake ya 2018. Kifungu hakiulizi jina la akaunti yako.

"Wa mwisho kuandika ndiye mshindi"

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichambua mwaka 2016 maelfu ya mabishano ambamo mtu hutaja msimamo wake na kuwaalika wengine wambadilishe. Kujibizana kidogo kulisaidia. Yakishafika majibizano matano, karibu hakuna aliyefanikiwa tena. Waliofanikiwa walitumia zaidi maneno ya tahadhari kama "huenda", na walileta msamiati ambao mwenye hoja hakuwa ameutumia. Na mwenye hoja mwenyewe alionyesha dalili mapema: aliyeandika kwa "mimi" alishawishika kirahisi kuliko aliyeandika kwa "sisi". Ukikuta posti imejaa "sisi" na "wao", jibu moja lenye linki linawatosha wasomaji. Mizunguko mingine minne ni bando lako.