Ukiwa na siliaki, kabla hujauliza mkate uliza kibao na kisu

Naandika hii kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe uliyepimwa ukaambiwa una siliaki na bado unaishi maisha ya kawaida hapa Arusha au Moshi, una vikao, una marafiki wa kukutana nao kafe, huwezi kubeba hotipoti kila unakoenda. Wa pili ni wewe unayefanya kazi kwenye hizo kafe, iwe ni pale mjini karibu na Mnara wa Saa, iwe Njiro, iwe Moshi mjini ambako meza zimejaa watu wanaosubiri kupanda mlima, maana wageni wengi wanakuja na ugonjwa huu na wenyeji nao wanaanza kupimwa, na ile sandwichi unayoitengeneza harakaharaka inaweza kumlaza mtu siku mbili tatu.

Ugonjwa wenyewe kwanza, kwa kifupi. Siliaki sio aleji. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe inayoshambulia utumbo mwembamba kila unapokula gluteni, yaani ile protini iliyopo kwenye ngano, shayiri, na nafaka moja ya nchi za baridi inaitwa rai. Ndani ya utumbo kuna vijinyweleo vidogo sana vya kufyonza chakula, hivyo ndo vinavyoliwa mpaka vinabaki bapa, kwahiyo unakula vizuri lakini mwili haupati kitu. Mtoto anadumaa. Mtu mzima anakuwa na upungufu wa damu usioisha hata ameze vidonge vya madini chuma miezi na miezi, mifupa inadhoofika, wengine wanaharisha na tumbo linajaa gesi, na wengine tumbo haliwasumbui kabisa ila wanatoka vipele vinavyowasha sana kwenye viwiko na magoti. Wengi wanatibiwa amiba, minyoo na vidonda vya tumbo kwa miaka kabla mtu hajafikiria ngano. Dawa ya kumeza haipo, tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na ukiacha kweli ule utumbo unapona, japo unaweza kuchukua miezi au hata miaka.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu, na kwa sababu hiyo mtu akiambiwa anao anaona aibu hata kuusema mbele ya mhudumu. Sio kweli. Watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, walipopimwa mwishoni mwa miaka ya 1990 walikutwa nao zaidi ya 5 kati ya kila 100, na hakuna jamii nyingine iliyojulikana kuwa juu hivyo. Kwa dunia nzima inakadiriwa ni kama mtu 1 kati ya 100. Usione aibu.

Sasa tuje kwenye kiasi, maana hapa ndo watu wanapoteleza. Unasikia mtu anasema "kidogo tu haitamuua". Watafiti wa Italia mwaka 2007 walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa waliokuwa wameshapona kidonge chenye miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi 3, na utumbo wao ukaanza kuharibika tena. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina kama gramu 2 za gluteni au zaidi, yaani miligramu 2000. Piga hesabu mwenyewe, hizo 50 ni sehemu moja ya arobaini ya kipande, yaani chengachenga zinazobaki kwenye kibao mpishi akishakata mkate. Ndo maana kimataifa chakula kinachoandikwa hakina gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 kwenye kilo nzima.

Kwahiyo ukiingia mgahawa wa sandwichi na ukauliza tu "mna mkate usio na ngano?" ukajibiwa "ndio upo", bado hujajua chochote. Huo mkate unaweza kuwa umetoka kiwandani safi kabisa, ukafika kaunta ukawekwa kwenye kibao kilekile kilichokatiwa mikate yote ya asubuhi, ukakatwa na kisu kilekile, ukapakwa siagi kutoka kopo ambalo kila kisu kinachoingia kimetoka kugusa mkate wa ngano, ukashikwa na glavu zilezile, ukaingia kwenye tosta ambayo chini yake kuna makombo ya wiki. Na vile visahani vya nyanya, vitunguu, jibini na letusi vilivyopangwa mbele ya mpishi, mkono uliotoka kushika mkate ndo unaochota humo siku nzima. Kafe inayooka mikate yake yenyewe ina tatizo la ziada, unga wa ngano unaruka hewani na unakaa masaa kabla haujatua, na unatua popote. Kwa kafe ndogo ya namna hiyo ambayo jiko na kaunta ni chumba kimoja ushauri wangu ni kahawa na tunda, basi, hata kama wanakuhakikishia vipi.

Na moto hausaidii. Hili nalirudia kila mara kwa wapishi maana wamefundishwa, na wamefundishwa vizuri, kwamba joto linaua vijidudu. Gluteni sio kijidudu, haifi. Ukiichoma ipo, ukiikaanga ipo, ukipaka mikono sanitaiza ipo vilevile. Inaondoka kwa kuoshwa na sabuni na maji, ikasuguliwa na kusuuzwa.

Namna ya kuongea na mhudumu ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sisi huku ni watu wa kumridhisha mgeni, ukiuliza swali la ndio au hapana utajibiwa "haina shida", na aliyekujibu hana nia mbaya hata kidogo, anataka ule ufurahi. Usitafute ahadi, tafuta maelezo. Mimi nawaambia wagonjwa waanze hivi: "Dada samahani, mimi naumwa, daktari amenikataza ngano kabisa, hata kombo la mkate likigusa chakula changu naumwa. Naomba uniambie sandwichi yangu itaandaliwa wapi na kisu gani." Sema ngano na sema mkate, hayo kila mtu jikoni anayajua, halafu taja kuwa ni ugonjwa maana wapo wateja wanaoacha mkate kwa ajili ya kupungua tu na mhudumu hawezi kujua wewe ni yupi. Baada ya hapo sikiliza. Akikuambia "tutaosha kibao, tutabadilisha glavu, tutatumia flampeni safi", huyo anaelewa. Akisema "tutautoa tu ule mkate pembeni", kaa na soda yako. Akisema ngoja nikamuulize shefu, msubiri kwa furaha, huyo ndo mhudumu mzuri. Na nenda saa nane au saa tisa mchana, sio saa saba wakati wa rashi, kwa sababu hata mpishi mwenye moyo hawezi kusimamisha kaunta yenye oda 15 akuoshee kibao.

Kuna mikate inadanganya macho. Mkate wa brauni ni ngano. Mkate wa atta ni ngano. Ule unaoitwa wa ulezi au wa nafaka mchanganyiko mara nyingi una ngano nyingi ndani na ulezi wa kuonjesha, soma paketi na kama haina maandishi uache. Mkate wa chachu ya asili uliochachushwa muda mrefu, ambao kafe za wageni zinaupenda sana sasa hivi, nao ni ngano tu, kuchachuka hakuondoi gluteni ya kutosha. Oti, ile nafaka ya uji wa asubuhi, yenyewe kiasili haina gluteni hii, ila inalimwa, inasafirishwa na kusagwa pamoja na ngano kwahiyo isipoandikwa wazi kuwa imetenganishwa usile.

Ndani ya sandwichi pia kuna mambo. Soseji na nyama za kusindika nyingi zimejazwa unga wa ngano. Soya sosi inatengenezwa na ngano, na mishkaki au kuku waliolowekwa humo wanabeba hiyo ngano. Kuku wa kukaanga mara nyingi kapakwa unga. Mayonezi kwa kawaida haina tabu, ila lile kopo linaloingizwa kisu cha mkate lina tabu, omba ya kuminya kwenye chupa. Na chipsi, jamani, viazi vyenyewe havina kosa, shida ni mafuta, maana karai lilelile asubuhi limekaanga sambusa na mandazi. Mwaka 2021 Marekani zilipimwa oda 20 za chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya pamoja na vyakula vya ngano, 9 zikakutwa na gluteni. Hapo hakuna aliyeweka unga kwenye viazi.

Basi ule nini? Kiukweli, kwenye mgahawa wa sandwichi chakula salama zaidi mara nyingi sio sandwichi. Agiza vitu vya ndani viwekwe kwenye sahani: mayai yaliyokaangwa kwenye flampeni iliyooshwa, parachichi (tena huku ndo kwao), nyama ya kuchoma iliyotiwa chumvi tu, saladi iliyokatwa upya na sio ya kwenye vile visahani vya mbele, viazi vya kuchemsha. Marekani mgahawa wa Jimmy John's unauza sandwichi iliyofungwa kwenye majani ya letusi badala ya mkate, na hakuna kinachozuia kafe ya Moshi kufanya hivyo, letusi na kabichi zipo Mbuyuni kila siku. Ukiwa na mkate wako wa mchele au wa muhogo uliooka nyumbani nenda nao umefungwa kwenye foili, omba vya ndani kwenye sahani na upange mwenyewe. Ukitaka upashwe moto upashwe ukiwa ndani ya foili, usiingie tosta yao.

Na niseme hili kwa uchungu kidogo. Tunaishi mahali ambapo chakula cha asili karibu chote hakina gluteni, mtori, machalari, kiburu, makande, loshoro, ugali, wali maharage, alafu mtu akiambiwa ana siliaki anaanza kuhangaika kutafuta mkate wa bei mbaya uliotoka nje. Mgahawa unaouza mtori unaweza kukufaa kuliko kafe yenye menyu nzuri, ila bado uliza kama mchuzi au supu imefanywa nzito kwa unga wa ngano au kwa vile viungo vya paketi. Na usisahau mashine ya kusaga. Ulezi na mahindi ni safi, lakini ukisagiwa pale ambapo mteja aliyetangulia kasaga ngano unga wako umeshachanganyika, na huku karibu na mashamba ya ngano ya Monduli, Karatu na Siha hilo linatokea. Unga wa lishe wa kununua pia una ngano mara nyingi, na mtoto mwenye siliaki anapewa huo akiambiwa ni wa kumjenga.

Sasa watu wa safari na mlima. Lanchi boksi mnazofunga alfajiri kabla ya kwenda Tarangire au Ngorongoro kawaida ni sandwichi, kipande cha kuku, keki, juisi, tunda. Mteja akiandika kwenye fomu kuwa hali gluteni boksi lake lifungwe la kwanza, meza ikiwa safi na mkate haujafunguliwa bado, liandikwe jina na lisiwe na kitu kilichotolewa kwenye boksi la mwingine. Kwenye mlima ni zaidi, mtu akiharisha na kutapika akiwa mita 4000 anapoteza maji ambayo tayari anayahangaikia, na dalili zake zinaweza kuchanganywa na za mwinuko. Mpishi wa mlimani abebe sufuria moja, mwiko mmoja na kisu kimoja vya mteja huyo, vifungiwe peke yake toka getini, na ile supu ya jioni isiongezwe uzito kwa ngano, mchele uliosagwa au viazi vinatosha.

Wenye kafe, mnachohitaji sio jiko jipya. Ni kibao kimoja cha rangi tofauti kisichogusa ngano, kisu chake, kopo lake la siagi, na mtu mmoja kila zamu anayejua kwanini. Na mkijiona hamuwezi, semeni hamuwezi. Uingereza toka Oktoba 2021 sandwichi iliyofungwa palepale dukani lazima iandikwe viungo vyote na vile vinavyodhuru, nafaka zenye gluteni zikiwemo, vionekane wazi. Hapa kwetu kinachomlinda mteja kwenye kaunta ni jibu lenu.

Ukiwa umekula kwa bahati mbaya usijitapishe. Kunywa maji, ukiharisha tumia maji ya ORS, pumzika, rudi kwenye chakula chako safi. Mtu anayeumwa mara kwa mara japo anaamini anajitahidi arudi kliniki na orodha ya alichokula wiki nzima, mara nyingi tunakuta ni sehemu moja tu anayoiamini.

Na wewe unayesoma hii ukawa unajishuku, usiache mkate leo. Kipimo cha damu cha tTG-IgA, na baadaye kamera inayoshushwa kwenye utumbo kuchukua vinyama, vyote vinasoma vizuri ukiwa bado unakula ngano, ukiacha mapema majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa unao. Hivyo hivyo kwa ndugu wa damu wa mgonjwa, wazazi, watoto, kaka na dada, kwao uwezekano unafika karibu mtu 1 kati ya 10, wapimwe hata kama hawana dalili yoyote, na wapimwe kabla nyumba nzima haijahamia kwenye muhogo.