Kidole cha zinki hakimo kwenye jeni

Wiki iliyopita, hapa Mwanga, Kigoma, kijana wa kidato cha sita alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba panya ana "jeni ya kidole cha zinki", na kwamba hiyo ndiyo inayomwotesha vidole. Si wa kwanza. Mwezi huu nimeyasikia hayo mara tatu, mara moja kutoka kwa mwalimu mwenzangu, na kila mara naumia, maana jambo lenyewe ni zuri mno kuachwa lipotoke hivyo.

Kwa ufupi: kidole cha zinki ni kipande cha protini, asidi amino (viungo vidogo vinavyounda protini) kama 30 hivi, kilichojikunja kikashikiliwa na zinki. Protini yenye vipande hivyo hung'ang'ania DNA mahali maalumu, na hapo unukuzi wa jeni, yaani kunakiliwa kwa ujumbe wake kuwa RNA, huchochewa au huzuiwa.

Sasa jina. Halikutoka kwa panya, lilitoka kwa chura. Mwaka 1985 Aaron Klug na wenzake, huko Cambridge, Uingereza, walikuwa wakichunguza protini iitwayo TFIIIA kutoka kwenye mayai machanga ya Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika. Wakaona umbo lilelile linajirudia mara tisa, kila moja na zinki yake. Kwa kuwa yalionekana kuikamata DNA, wakayaita vidole. Ni vidole kwa sababu vinashika, basi. Havihusiani na unyayo wa mnyama yeyote.

Na zinki je? Wengi hudhani ndiyo inayoigusa DNA. Hapana. Katika aina iliyozoeleka zaidi, asidi amino nne, sisteini mbili na histidini mbili, huibana zinki katikati, nayo huuzuia mkunjo usifumuke. Tazama kina mama wanaopandisha ndoo za dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi: khanga husokotwa ikawa kata, ncha ikachomekwa ndani. Ncha ikichomoka, kichwani kinabaki kitambaa tu. Zinki ni ile ncha. Ndoo haiigusi, lakini bila hiyo hakuna kata.

Turudi kwa panya, na nasema yule mdogo wa maabara, si panya buku. Ana jeni iitwayo Zif268, kwa jina jingine Egr1, kwenye kromosomu ya 18. Jeni hiyo ni maelekezo tu; vidole, vitatu, vimo kwenye protini inayotokana nayo. Mwaka 1991 Nikola Pavletich na Carl Pabo walitoa picha ya fuwele ya vidole hivyo vikiwa vimeikumbatia DNA, kila kimoja kikishughulika na herufi kama tatu za DNA. Kisha mwaka 1996 ikaonekana kwamba panya jike aliyeondolewa jeni hii hazai, kwa sababu tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inashindwa kutengeneza LH, homoni inayochochea yai kutoka: jeni ya sehemu moja ya homoni hiyo imekosa wa kuiamsha inukuliwe. Shida yake iko kwenye uzazi, vidole vya miguu anavyo.

Yule kijana sikumfutia sentensi yake. Nilimwomba aongeze maneno mawili katikati: jeni ya *protini yenye* vidole vya zinki. Akaisoma tena taratibu, kisha akaniuliza, "Kumbe mwalimu, anayeshika ni protini?" Ndiyo, mwanangu, ni protini.